Tunamwamini aliyeleta ujumbe, aliyeuandika hatumjui

Wanajamvi, salaam.

Mjadala wa habari za uongo mitandaoni umekuwa ukirudi hapa mara kwa mara, na karibu kila mara unaishia pale pale, kwamba watu wetu hawasomi, hawahoji, na ndiyo maana wanameza kila wanacholetewa. Naomba kutofautiana na hitimisho hilo. Katika makundi ya WhatsApp niliyomo kuna wahasibu, walimu, wauguzi na hata mawakili, na ujumbe usio na kichwa wala miguu hupita mikononi mwao kama unavyopita kwa mtu mwingine yeyote. Watu hao wakiletewa mkataba wa kazini wataupitia mstari kwa mstari. Hoja ninayotaka kuijenga ni kwamba ndani ya kundi mtu hupima kwanza uhusiano wake na aliyeleta habari, kisha ndipo, akipata nafasi, huipima habari yenyewe. Na kwa kuwa uhusiano huo ni wa kweli na umejengwa kwa miaka mingi, habari hupewa heshima ambayo haikuitolea jasho. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Tuanze na ujumbe wenyewe. Chukueni ule wa aina tunayoijua sote: sauti ya dakika mbili hivi, mwanamke anazungumza kwa haraka, anasema yeye ni muuguzi katika hospitali kubwa, hataji jina, anaonya kuhusu dawa fulani, na anamalizia kwa kumwomba kila anayesikiliza awatumie wote anaowapenda. Unapoipokea, simu inakuonyesha jina la mtu aliyeituma kwako, tuseme "Mama Mdogo Kibaha", pamoja na picha yake akiwa na kitenge cha sare ya harusi ya mwaka jana. Jina la huyo muuguzi halipo. Namba yake haipo, mji haupo, na siku aliyojirekodi haijulikani, kwa sababu kila mkono uliopokea sauti hiyo umefuta jina la mkono uliotangulia na kubandika lake. Mwisho wa safari ujumbe unakuwa na sahihi moja tu, nayo ni ya mtu aliyekulea.

Wenye mtandao wenyewe walilitambua tatizo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2018 nchini India watu kadhaa waliuawa na makundi ya wananchi wenye hasira kutokana na uvumi wa watekaji watoto uliokuwa ukizunguka kwa WhatsApp. Mwezi Julai mwaka huo kampuni ilianza kuweka alama kwenye kila ujumbe unaofowadiwa, na ikapunguza idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuutuma kwa mkupuo mmoja: 5 kwa India na 20 kwingineko. Januari 2019 kikomo cha 5 kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja, na kampuni ikatangaza kwamba usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Angalieni vizuri walichokifanya. Kwa kuwa tangu Aprili 2016 mazungumzo yote yamefungwa kwa usimbaji ambao hata kampuni yenyewe haiwezi kuufungua, hawakugusa yaliyomo. Walikaza njia ikawa nzito kupitika. Hata hivyo mishale ile miwili inakwambia tu kwamba ujumbe umetoka mbali. Haikwambii umetoka kwa nani.

Sasa tuangalie kinachotokea baada ya ujumbe kutua, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mama Mdogo ameiweka ile sauti saa moja asubuhi kwenye kundi la ukoo. Dada yake mkubwa anajibu, "Asante sana mdogo wangu, Mungu atulinde." Mjomba anaweka viganja viwili vilivyounganishwa. Binamu anauliza kama dawa inayosemwa ndiyo ile ya vidonge vyeupe. Katika kundi hilo hilo yumo kijana wa mwaka wa nne wa udaktari, ambaye baada ya kusikiliza kidogo tu ameshajua kwamba maelezo yale hayana ukweli. Afanye nini? Kumsahihisha mama yake mdogo mbele ya watu arobaini, wakiwemo wakwe, ni jambo ambalo malezi yake yote yanamkataza. Akiandika kwa ukali ataambiwa amesoma mpaka amepoteza adabu. Akiandika kwa upole kupita kiasi, maneno yake yatafunikwa na salamu za asubuhi. Mara nyingi atachagua kumfuata pembeni: "Shikamoo mama. Ile sauti ya asubuhi si ya kweli, naomba usiitume tena." Na Mama Mdogo, ambaye ni mtu muungwana, atajibu, "Marahaba mwanangu, asante kwa kunielimisha."

Heshima imelindwa, na Mama Mdogo ameelewa. Tatizo ni kwamba wale waliobaki hawajaona mazungumzo hayo. Wao wameona ujumbe, wameona shukrani za wakubwa, na wameona kwamba yule msomi wa familia, ambaye wote wanajua yumo, hakusema neno. Ukimya wake unahesabiwa kuwa kibali. Kosa limetangazwa hadharani na sahihisho limepita mlango wa nyuma, tena bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Ninasisitiza hili kwa sababu wengi wetu tunadhani uongo unashinda kwa kuwa watu hawajui ukweli, ilhali katika makundi mengi ukweli unajulikana na yuko mtu mwenye kuujua. Kinachokosekana ni njia ya kuusema ambayo haitamvunjia mtu heshima.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba heshima hiyo ni mzigo tuutupe. Ni imani hiyo hiyo inayowezesha kundi la ukoo kukusanya pesa za msiba kabla jua halijazama, watu wakituma kwenye namba ya mhazini mmoja bila kudai risiti, na mwili ukasafirishwa kwenda kijijini usiku huo huo. Hakuna benki itakayokufanyia hivyo.

Tuje kwenye safari ya ujumbe kutoka kundi moja kwenda jingine. Ndugu wa damu wanajuana wote na wanasikia mambo yale yale, kwa hiyo wao kwa wao hawana habari mpya ya kupeana. Ujumbe hutoka nje kupitia mtu aliye mguu ndani, mguu nje: shemeji ambaye yumo pia kwenye kikundi cha kwaya, kwenye vikoba vya mtaani, na kwenye kundi la wazazi wa darasa la nne. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliowashangaza wengi. Aliwauliza watu waliokuwa wamebadilisha kazi karibu na mji wa Boston walipataje taarifa za kazi hizo mpya. Kati ya waliozipata kupitia mtu wanayemjua, ni asilimia 16.7 tu waliosema walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walikuwa wakionana naye kwa nadra kiasi, na asilimia 27.8 hawakuwa wakionana naye ila mara chache mno. Watu wa mbali kidogo ndio wanaoleta habari ambayo nyumbani haipo. Intaneti haikuibadili kanuni hiyo. Ilichofanya ni kumwezesha yule shemeji kufika sehemu zote nne kabla hajamaliza kunywa chai.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wengi hulichanganya na hili, nalo ni tofauti kati ya kusikia na kuamua. Habari inaweza kusafiri kwa mtu mmoja wa mbali, na ukaisikia mara moja ikakutosha. Uamuzi wa kutoa pesa, kubadilisha tabia au kuacha dawa hauendi hivyo. Mtu huhitaji kuona zaidi ya mmoja wamefanya, na ikiwezekana wawe watu wanaofahamiana naye. Mtafiti Damon Centola alilijaribu jambo hili kwa vitendo na matokeo yakatoka mwaka 2010. Aliwapanga watu 1,528 katika jamii za mtandaoni zinazohusu afya, baadhi zikiwa na mahusiano yaliyotawanyika ovyo, nyingine zikiwa na vikundi vilivyoshikana ambamo majirani wa mtu ni majirani wao kwa wao pia, kisha akaangalia ni wangapi watakaojiunga na jukwaa la afya baada ya kuona majirani zao wamejiunga. Katika mitandao iliyotawanyika walijiunga takriban asilimia 38. Katika ile iliyoshikana walifika karibu asilimia 54, na tena kwa kasi zaidi. Kusikia jambo lile lile kwa watu wawili watatu wanaojuana ndiko kulikowasukuma.

Mkilielewa hili, mtaelewa kwa nini mipango ya upatu haianzii kwenye matangazo. Kabla hata ya WhatsApp tuliiona DECI hapa Tanzania, ambayo miongoni mwa viongozi wake walikuwa wachungaji na ambayo ilienea kupitia waumini, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 huku maelfu ya watu wakiwa wamepanda fedha zao wakisubiri kuvuna. Hakuna aliyeweka akiba yake kwa kuwa alisoma bango. Aliweka kwa kuwa mwimbaji mwenzake alivuna, kisha jirani akavuna, kisha mzee wa kanisa akasema naye amepanda. Mipango ya leo inayoitwa uwekezaji wa mtandaoni imekopi utaratibu ule ule: wa kwanza wanalipwa kweli, wanapiga picha ya ujumbe wa muamala, wanaibandika kwenye kundi, na ndani ya wiki moja mtu amekwisha kuiona picha hiyo kutoka kwa mfanyakazi mwenzake, binamu yake na jirani yake. Muamala ule ni wa kweli. Fedha iliyolipwa ni ya aliyeingia jana.

Naishia hapa kwa sehemu ya kwanza. Karibuni kwa hoja.

Mchango #4

Mkuu, uzi mzuri, lakini naona unawabebesha ndugu zetu mzigo usio wao. Wanaosambaza uongo ni akaunti za mashine zinazoendeshwa na watu wenye maslahi yao. Hao wakidhibitiwa, uongo utakufa wenyewe.

Mleta uzi, #5

Ahsante mkuu. Akaunti hizo zipo, na kampeni za kulipwa zipo, sipingi. Ila tuangalie ushahidi. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha uchambuzi wa habari zilizosambaa Twitter (sasa X) tangu 2006 hadi 2017, mifuatano ya usambazaji ipatayo 126,000 iliyowahusisha watu takriban milioni 3. Walikuta kwamba habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ya kweli, na kwamba habari ya kweli ilichukua muda wa karibu mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Kisha wakafanya kile unachokipendekeza: waliziondoa akaunti za mashine kwenye hesabu. Matokeo hayakubadilika kwa maana yoyote kubwa, kwa sababu mashine zilisambaza ukweli na uongo kwa kiwango kinachokaribiana. Tofauti ilitoka kwa binadamu, ambao walivutwa na upya wa habari na mshangao uliomo ndani yake.

Nina tahadhari moja. Twitter ni uwanja wa wazi, na WhatsApp ni nyumba zenye milango iliyofungwa, kwa hiyo siwezi kuchukua asilimia hizo na kuzibandika kwenye kundi la ukoo. Ninachokichukua ni kwamba mwenye maslahi anaweza kuitengeneza ile sauti ya muuguzi kwa makusudi kabisa, lakini hawezi kuifikisha kwa bibi yako. Hana namba ya bibi yako. Anakuhitaji wewe.

Mchango #9

Mleta uzi, habari na imani umezieleza vizuri, lakini ushawishi umeupitia juu juu. Mbona hapa hapa jukwaani mtu akipata likes kumi za mwanzo, hata akiandika pumba, wote wanamfuata?

Mleta uzi, #10

Hoja ya msingi sana, mkuu, na imefanyiwa majaribio. Mtafiti Lev Muchnik na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye tovuti ambayo watu hutoa maoni na kupigiana kura za juu au chini. Maoni 101,281 yaligawanywa kwa bahati nasibu: mengine yalipewa kura moja ya juu mara tu yalipowekwa, mengine kura moja ya chini, na mengine yakaachwa kama yalivyo. Kura ile moja ya juu, ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ubora wa maoni, iliongeza kwa asilimia 32 uwezekano wa msomaji wa kwanza kupiga kura ya juu naye pia, na mwisho wa yote alama za maoni hayo zikawa juu kwa asilimia 25. Cha kutia moyo ni kwamba kura ya chini ya uongo haikuwa na nguvu hiyo, kwa kuwa watu walijitokeza kuirekebisha. Tunaonekana kuwa wepesi wa kumtetea aliyeonewa, na wazito wa kumhoji aliyekwisha kusifiwa.

Tangu mwaka 2006 kulikuwa na jaribio jingine, la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, ambapo watu 14,341 walisikiliza nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliwekwa katika vikundi vilivyotenganishwa, na katika vikundi hivyo, isipokuwa kile cha kulinganishia, kila mtu aliweza kuona wenzake wamepakua wimbo gani mara ngapi. Wimbo ule ule ulishika nafasi ya juu katika kikundi kimoja na kuanguka katika kingine. Nyimbo bora kabisa hazikufanya vibaya sana, na mbovu kabisa hazikushinda mara nyingi, lakini zile za katikati, ambazo ndizo nyingi, hatima yake iliamuliwa na nani alianza.

Mfano wa kwetu ni orodha ya michango. Nimekuwa katibu wa kamati za harusi, na anayejua kazi hiyo anajua kwamba namna ya kufungua orodha ni nusu ya mafanikio ya bajeti. Katibu anaandika jina la harusi, tarehe, namba ya mhazini, kisha orodha inaanza: namba moja, jina, ahadi. Kila anayefuata anakopi orodha yote, anaongeza jina lake chini na kuituma upya. Kama watatu wa mwanzo wameandika laki mbili, wa nne ataona haya kuandika elfu thelathini, hata kama ndicho alichopanga. Atajikusanya afike walau laki moja, au atanyamaza kwanza hadi mshahara. Kama wa kwanza ni kijana wa chuo aliyeandika elfu ishirini kwa moyo wake mweupe, wenye uwezo watakaofuata watajiona wakarimu kwa elfu hamsini. Ndiyo maana mwenyekiti mzoefu huwapigia simu watu wawili watatu wenye nafasi zao kabla orodha haijawekwa, akaafikiana nao, na majina yao ndiyo yanayofungua. Halafu zinakuja zile alama za vema mbele ya majina ya waliokamilisha, ambazo kila anayefungua kundi anaziona, na anaona pia mahali ambapo jina lake halina alama.

Hakuna uongo wowote katika orodha hiyo, na mimi mwenyewe naiona ni njia halali ya kuchangishana. Lakini ni ushawishi mtupu, unaofanya kazi kwa sababu watu wanaonana. Mwenye nia mbaya anautumia utaratibu huo huo kwa kuingiza namba tatu za kwake kwenye kundi la uwekezaji, na hizo ndizo zinazoandika "nimepokea, asante sana" kabla yako.

Mchango #14

Mimi yamenikuta. Mtu aliniandikia kwa akaunti ya rafiki yangu, akadai ametuma kwa bahati mbaya tarakimu sita kwenye simu yangu na akaomba nimrudishie. Nikamrudishia. Baada ya nusu saa nikawa nje ya akaunti yangu mwenyewe, na mtu huyo akawa anaomba laki mbili kwa jina langu kwenye kundi la kazini, akiahidi kurudisha jioni. Wawili walituma kabla sijawapigia simu.

Mleta uzi, #15

Pole sana mkuu. Kisa chako kinaonyesha imani inakaa wapi. Wenzako waliliamini jina na picha, na mwizi alichohitaji ni kusimama nyuma ya hivyo viwili. Ila kuna kitu ambacho kwa kawaida hakipati: anapoisajili akaunti yako kwenye simu yake kwa zile tarakimu sita ulizompa, anarithi makundi uliyomo, lakini mazungumzo yenu ya nyuma hayaendi naye. Kwa hiyo rafiki akiombwa fedha amwulize jambo walilozungumza wiki iliyopita, au ampigie simu ya kawaida asikie sauti. Weka pia namba ya siri ya hatua ya pili ndani ya WhatsApp, na kwa tulio Tanzania namba ya tapeli iripotiwe 15040.

Mchango #20

Mimi niko Nakuru, Kenya, na ningependa kuongeza historia kidogo, kwa kuwa sisi tulipitia haya kabla ya WhatsApp. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ujumbe mfupi wa simu uliokuwa ukizunguka ulitosha kumtoa mtu nyumbani kwake. Ulikuja bila jina la mwandishi, ukitaja jamii fulani na barabara fulani, na ulitumwa na mtu unayemjua, akikuambia "imenifikia, nakupitishia tu". Kwenye mtandao lilikuwapo jukwaa la Mashada, lililokuwa maarufu sana kwa Wakenya wa ndani na wa ughaibuni. Mijadala yake iligeuka kuwa matusi ya kikabila kwa kiwango ambacho wasimamizi hawakuweza kukimudu, na mwishoni mwa Januari 2008 mwanzilishi wake, David Kobia, akaifunga. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi ule, ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa. Swali langu kwa mleta uzi: je, kufunga kunasaidia?

Mleta uzi, #21

Shukrani nyingi, ndugu yangu wa Nakuru. Nadhani Kobia alifanya lililompasa; nyumba ikiwaka huanzi kujadili rangi ya kuta. Lakini yeye huyo huyo alikuwa pia mmoja wa waliojenga tovuti iitwayo Ushahidi mwezi ule ule wa Januari 2008, pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na wengine, na naona kazi hiyo ya pili inajibu swali lako kuliko ya kwanza.

Ushahidi ilipokea taarifa kutoka kwa wananchi wa kawaida, kwa ujumbe mfupi na kwa tovuti, wakati ambapo matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni yalikuwa yamepigwa marufuku. Watu walikuwa wale wale na simu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni masharti: taarifa ilipaswa kusema ni tukio gani, limetokea wapi na lini, na iliwekwa kwenye ramani mahali pake. Taarifa ya namna hiyo inaweza kuulizwa maswali. Aliye mtaa wa pili anaweza kusema ameona au hakuona, na shirika la kiraia au mwanahabari aliyeko karibu anaweza kwenda kuangalia. Ule ujumbe wa "imenifikia, nakupitishia tu" hauwezi kuulizwa chochote, kwa sababu anayeuleta amejivua dhamana papo hapo, huku bado akiupa jina lake. Kati ya mambo yote yaliyomo kwenye uzi huu, hilo ndilo ningependa tulijadili zaidi: mtu kuazimisha jina lake bila kuazimisha macho yake.

Mchango #26

Mkuu, mimi ni admin wa kundi la ukoo lenye watu zaidi ya mia moja, na wazee wamo. Nifanye nini hasa? Nikimfuta mtu ujumbe wake nitaitwa kikao.

Mleta uzi, #27

Usianze na kufuta. Anza na wazee wenyewe. Mwombe mkubwa mmoja anayesikilizwa aweke kauli kwenye kundi siku ambayo hakuna ugomvi wowote, kwamba kuanzia sasa anayeleta ujumbe uliotoka kwingine aandike maneno mawili matatu ya kwake: ameupata kwa nani, na yeye mwenyewe anajua nini kuhusu jambo hilo. Kauli hiyo ikitoka kwako ni sheria ya kijana. Ikitoka kwa babu ni utaratibu wa nyumba. Wengi watagundua kwamba hawana la kuandika, na hapo wataacha kutuma bila kuambiwa na mtu.

Ujumbe mbaya ukishaingia, mfuateni aliyeuleta pembeni, kama tunavyofanya siku zote, ila msiishie kumwelimisha. Mwombeni asahihishe yeye mwenyewe, kwenye kundi lile lile, kwa jina lake, na ikiwezekana kwa sauti. Hapo hakuna aliyemwaibisha. Mwenye heshima anaitumia heshima yake, na wale waliomshukuru asubuhi watamshukuru tena jioni. Neno lake litaaminiwa kwa sababu zile zile zilizofanya kosa liaminiwe, jambo ambalo sahihisho la mwanafunzi wa udaktari, hata la wizara, halitalipata kwa urahisi ndani ya kundi la ukoo.

Kuhusu kufuta, admin ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote, na mwenye ujumbe anaweza kuufuta kwa wote ndani ya takriban siku mbili na nusu. Lakini kufuta hakugusi nakala zilizokwisha kutoka kwenda kwaya, vikoba na kazini. Hizo anayezijua ni aliyetuma peke yake, kwa hiyo kabla hajafuta chochote mwulizeni kwanza ameituma wapi kwingine, na mkae naye mpaka amepeleka sahihisho katika kila kundi alilolitaja.